Nataka kuingia maabara ya ikolojia (panya na wanyama wadogo) nikiwa mwaka wa pili, naanzia wapi?

MwakaWaPili_Moro

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za muhula.

Nasoma shahada ya Menejimenti ya Wanyamapori hapa SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), mwaka wa pili. Mwakani nina mradi maalumu wa utafiti na sitaki uwe wa kugawa madodoso. Nataka ikolojia ya panya na wanyama wadogo, maana kwa hilo Morogoro ni nyumbani kwake. Tatizo ni kwamba kila ninayemuuliza ananiambia "mtafute mhadhiri uongee naye", halafu hakuna anayesema nikifika naongea nini.

GPA yangu ni 3.4, je, ni kikwazo? Niende ofisini moja kwa moja au niandike barua pepe? Mtu mpya anapewa kazi gani hasa, na nijifunze nini kabla ya kubisha hodi? Kuna posho au ni kujitolea? Nina laptop ya kawaida tu, RAM 4.

Bi_Gridi

Marahaba mdogo wangu.

GPA kwanza, kwa sababu ndiyo inayowazuia wengi wasijaribu kabisa. Anayetafuta mtu wa kufika kwenye gridi (mitego iliyopangwa kwa safu shambani) saa kumi na mbili asubuhi siku tatu mfululizo hasomi matokeo yako, anataka kujua kama utafika. GPA itakusumbua baadaye, kwenye ufadhili wa uzamili, na 3.4 iko mlangoni tu mwa daraja la pili la juu. Basi usiingie fildi ukaacha mitihani ianguke.

Andika barua pepe kwanza, kisha uende. Kabla ya kuandika, tafuta makala mbili za hivi karibuni za huyo mhadhiri, usome sehemu ya mbinu kuliko utangulizi. Utangulizi utakuambia panya wanakula mahindi, jambo unalolijua tangu utoto. Kwenye mbinu utaona kazi yenyewe: mitego mingapi, usiku mangapi, walitia alama vipi, sampuli zilikwenda wapi. Hapo ndipo unapopata swali la maana la kumuuliza, na ndipo unapojua kama kazi hiyo unaiweza au unapenda tu jina lake.

Barua isizidi mistari kumi. Wengi huandika "napenda sana mazingira tangu nikiwa mdogo", na mhadhiri anazo za namna hiyo ishirini. Anachohitaji ni ratiba yako. Kiini kiwe hivi, kwa lugha mnayotumia idarani:

"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, Menejimenti ya Wanyamapori. Nimesoma makala yenu kuhusu panya shamba kwenye mashamba ya mahindi, na ningependa kusaidia kazi ya ukamataji ya kila mwezi. Muhula huu sina vipindi Jumanne na Alhamisi kabla ya saa nne asubuhi, na Jumamosi nzima niko huru. Naweza kuendelea hadi mwisho wa likizo ndefu. Nafahamu kujaza fomu za data na kuziingiza kwenye Excel. Mwakani nina mradi maalumu. Kama kazi itakwenda vizuri ningeomba tuzungumze juu yake. Naweza kufika ofisini siku yoyote mtakayopanga."

Ambatanisha wasifu wa ukurasa mmoja na ratiba ya vipindi. Picha ya pasipoti, cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne viache nyumbani.

Usiitume wiki ya kusahihisha mitihani wala wiki ya usajili. Siku saba zikipita kimya, chapisha barua ile ile uende nayo ofisini. Na usiwatumie wahadhiri watano maneno yale yale siku moja: wanakaa korido moja, na chai wanakunywa pamoja.

Sasa lile ambalo hukuambiwa. Mara nyingi mlango wa maabara hauko kwa profesa, uko kwa mwanafunzi wa uzamivu au uzamili mwenye msimu wa fildi mbele yake na mikono miwili tu. Huyo ndiye mwenye shida ya kweli. Muulize fundi wa maabara ni nani anaanza kukamata mwezi ujao, atakuambia bila barua yoyote. Fundi huyo umheshimu sana: yeye ndiye anayejua mitego iko wapi, na ndiye atakayeulizwa kimyakimya kama wewe ni mtu wa kazi.

Posho: kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa kawaida ni nauli na chakula cha siku za fildi, na mara nyingine hata hicho hakipo. Uliza mwanzoni, wazi, bila haya: "Nauli na chakula viko upande wa nani?" Ukikaa kimya ukitumaini, utachoka na kuacha katikati ya msimu, na kuacha katikati ni kubaya kuliko kutoanza.

FundiMitego

Bi Gridi kamaliza upande wa ofisi, mimi niseme kazi yenyewe.

SUA na Chuo Kikuu cha Antwerp wana gridi moja Morogoro ya hekta 3 yenye mitego 300, umbali wa mita 10 kutoka mtego hadi mtego, inayotegwa usiku tatu mfululizo kila mwezi tangu 1994. Miradi ya wanafunzi ni midogo zaidi. Ya kawaida ni gridi ya 7 kwa 7, yaani mitego 49 kwenye eneo la mita 70 kwa 70, nayo hutegwa usiku tatu. Spishi kuu ni panya shamba, Mastomys natalensis.

Mtu mpya huanza na chambo na kuosha mitego. Usidharau. Chambo ni siagi ya karanga na pumba au unga wa mahindi, uliokandwa mpaka ushike kidonge bila kunata kidoleni. Ukiwa na mafuta mengi unapaka kikanyagio, vumbi linaganda hapo, na kesho yake mtego haufyatuki panya mdogo akikanyaga. Kidonge kikae nyuma ya kikanyagio, kisiwe juu yake wala mlangoni. Kabla ya kuondoka kwenye kila mtego, gusa kikanyagio kwa ncha ya kalamu: mlango usipofunga kwa mguso mwepesi, rekebisha ndoano. Watu huona "eneo hili halina panya" kumbe nusu ya mitego inahitaji panya mwenye uzito wa paka.

Mtego wa Sherman, kile kisanduku cha kumkamata panya akiwa hai, ni bati. Kwa Morogoro jua la saa tatu linatosha kuua kilichomo ndani. Kwa hiyo ukaguzi unaanza saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi, na gridi yote iwe imemalizika kabla ya saa tatu. Mchana mitego hufungwa, jioni inawekwa chambo kipya. Ukipanda juu, Uluguru au Usambara, adui ni baridi: weka pamba kavu ndani ya kila mtego. Kote kote adui wa pili ni siafu. Wakipita kwenye mstari usiku utakuta mifupa. Ukiona njia yao jioni, sogeza mtego mita mbili na uandike kwamba umesogeza.

Kumtoa: mfuko wa kitambaa mdomoni mwa mtego, fungua, inamisha, acha ateremke mwenyewe. Pima mfuko na panya kwa mizani ya springi, mtoe, pima mfuko peke yake, toa. Mfuko uupime kila mara, maana unalowa mkojo na uzito wake unabadilika asubuhi nzima. Mizani ya gramu 100 inatosha panya shamba, ambaye mzima wa kawaida yuko kati ya gramu 30 na 60, lakini uwe na ya gramu 300 kwa panya wa nyumbani. Mshike ngozi ya shingo. Usimshike ncha ya mkia, ngozi ya mkia huchubuka ikabaki mkononi mwako. Acomys, wale wenye manyoya ya miiba, ndio wabaya zaidi: hata ngozi ya mgongo inachanika, kwa hiyo hao washike kupitia kitambaa.

Jinsia kwa wachanga inababaisha. Angalia umbali kati ya njia ya haja kubwa na kiungo cha uzazi: dume ni mrefu, jike ni mfupi. Kisha unaandika hali ya uzazi: korodani ziko nje au ndani, uke uko wazi au umefunga, chuchu zinaonekana au la, ana mimba au hana. Hizo herufi tatu nne kwenye fomu ndizo zinazozaa sura nzima ya matokeo, na ndizo zinazorukwa jua likianza kuwaka.

Alama kwa miradi mingi ya hapa ni kukata ncha ya kidole kwa mpangilio wa namba. Hilo hufundishwa kwa mkono na mtu mzoefu na lazima liwe ndani ya kibali cha maadili cha mradi. Usijifunze peke yako. Kile kipande ndicho sampuli ya DNA, kinatumbukizwa kwenye ethanoli ya 96%. Fomalini ikigusa sampuli, DNA umeiaga. Lebo ndani ya kichupa iandikwe kwa penseli, kwa sababu ethanoli inafuta wino, hata wa kalamu zinazojisifu kuwa hazifutiki.

Kama shabaha yako ni kirukanjia, mitego ya Sherman itakupa wachache sana. Hao wanataka ndoo zilizofukiwa mdomo ukiwa sawa na ardhi. Timu za Field Museum ya Chicago zilizofanya kazi milima ya Tao la Mashariki zilitumia mstari wa ndoo 11, mita 5 kati yake, na ukuta mfupi wa plastiki ukipita juu katikati. Toboa matundu chini, la sivyo mvua moja inazamisha kila kilichoingia. Na kirukanjia anakufa njaa haraka, hivyo ndoo zinakaguliwa alfajiri na jioni pia.

MwakaWaPili_Moro

Asanteni sana. Fundi, hapo kwenye magonjwa je? Mama yangu kasikia "panya" tayari anataja tauni.

Daktari_wa_Mifugo_TZ

Mwambie mama tauni ya Tanzania inajulikana zaidi Lushoto, tangu 1980, na Mbulu. Morogoro cha kukuhangaisha ni leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na mkojo wa wanyama kama panya. Glavu kila unapomshika panya na kila unapoosha mtego, gambuti ukiwa kwenye majaruba ya mpunga au tope, na kidonda chochote mkononi kifunikwe. Mitego huoshwa kwa sabuni na maji kisha dawa ya klorini, ikakaushwa juani. Usile wala kushika simu na glavu hizo. Simu ndiyo inayosahaulika, kisha inakwenda shavuni.

Kuna pia virusi vya Morogoro, jamaa wa virusi vya Lassa, vinavyopatikana kwa panya shamba. Havijulikani kumletea binadamu ugonjwa, lakini usivifanye sababu ya kuzoea kufanya kazi mikono mitupu.

Ukiumwa meno: sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha zahanati, na chanjo ya pepopunda uwe umeshaipata kabla ya msimu. Mradi ukihusisha popo, chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya lazima kabla ya kugusa wavu.

Na hili ulishike. Ukipata homa ndani ya wiki tatu nne baada ya fildi, mwambie daktari kwamba unashika panya. Utafiti wa hospitali mbili za Moshi uliochapishwa 2013 uliangalia wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Zaidi ya nusu walikuwa wameandikiwa malaria, na malaria ilithibitika kwa 1.6% tu. Usipotaja panya, hakuna atakayefikiria leptospirosisi.

Kaka_Data

Mimi nataka kumvuta kijana upande wa data na kalenda, kwa sababu miradi mingi ya mwaka wa tatu inafia hapo wala si kwenye gridi.

Kalenda. Panya shamba wa Morogoro huanza kuzaliana masika yakiwa yameshanyesha, kuanzia Aprili hivi, wanaendelea hadi karibu Septemba, na idadi inafika kileleni kuelekea Oktoba na Novemba. Machi hadi Mei ndiyo wachache kabisa. Vuli ikinyesha kupita kawaida, wanaweza kuanza mapema, na mwaka huo wakulima wanalia. Sasa mwanafunzi anayesubiri muhula wa pili wa mwaka wa tatu ndipo ategeshe, anategesha mwezi wa Aprili, anapata panya sita, halafu anaandika kwamba "hakukuwa na tofauti kati ya shamba na kichaka". Kwa panya sita hakuna takwimu itakayoona tofauti yoyote! Kamata likizo ndefu ya kati ya mwaka wa pili na wa tatu, Julai hadi Oktoba. Maana yake barua ya Bi Gridi iende sasa. Usisubiri mwakani. Tena kibali cha maadili na barua ya utambulisho ya chuo haviandikwi kwa siku mbili.

Hesabu ambazo ni aibu kutozijua ukiingia ni mbili. Ya kwanza ni mafanikio ya mtego. Mitego 49 kwa usiku 3 ni usiku-mtego 147. Umekamata 22, basi 22 gawa kwa 147 ni 15%. Lakini mtego uliofyatuka mapema haukuwa ukifanya kazi usiku kucha, kwa hiyo wengi hutoa nusu kwa kila mtego uliofyatuka, wenye panya na mtupu. Kama mitupu iliyofyatuka ni 10, unatoa nusu ya 32, yaani 16, unabaki na 131, na mafanikio yanakuwa 16.8%. Ndiyo maana fomu ina safu ya "umefyatuka, mtupu". Ukiiacha wazi, huwezi kuirudia nyumbani.

Ya pili ni makadirio ya idadi. Usiku wa kwanza umetia alama 40, usiku wa pili umekamata 35, kati yao 14 wana alama. 40 mara 35, gawa kwa 14: panya 100. Hiyo ni Lincoln na Petersen. Ukitumia marekebisho ya Chapman, 41 mara 36 gawa kwa 15, toa 1, unapata kama 97. Ijue kwa kichwa, na ujue inavunjika lini: panya wakihama kati ya usiku huo na huo, alama zikipotea, au waliokamatwa wakizoea chambo na kurudi kila siku. Mhadhiri akikuuliza swali moja tu ofisini, litakuwa hilo la mwisho.

Kuhusu Excel, mstari mmoja ni panya mmoja siku moja, basi. Usiunganishe seli, usitumie rangi kama taarifa, usiandike "32 g" penye uzito, andika 32. Tarehe igawe safu tatu, siku, mwezi na mwaka, maana kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani inageuza tarehe 5 Agosti kuwa Mei 8 bila kukuuliza. Jina la spishi lenye nafasi tupu mwishoni linahesabika kama spishi nyingine kwenye R (programu ya takwimu), na ghafla una "Mastomys" wawili. Fomu za karatasi zipigwe picha siku hiyo hiyo kabla hazijaondoka fildi. Laptop yako ya RAM 4 inatosha R kwa data ya ukubwa huu, usiombe ya mtu.

GPS ndiyo kosa lisiloonekana. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960, simu yako inasoma mfumo mwingine, WGS84. Ukichanganya, gridi yako inahama karibu mita 300, inatoka shambani inaingia mtoni. Andika mfumo juu ya kila fomu pamoja na ukanda wa UTM, ambao kwa Morogoro ni 37 Kusini.

Wanjala_KE

Kwa wasomaji wa upande wa Kenya: hatua nyingi ni zile zile, lakini karatasi ni tofauti. Mwanafunzi Mkenya pia anahitaji leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), na kwa wanyamapori kibali cha WRTI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori; zamani kilikuwa cha KWS), kabla maabara haijampa mitego. Ukiwa wa mwaka wa kwanza au wa pili, njia rahisi ni kuingia chini ya leseni ya mradi uliopo. Sehemu ya mamalia pale Makumbusho ya Taifa Nairobi ni mahali pazuri pa kujifunzia kutambua spishi, kwa sababu mafuvu na ngozi vipo mezani, huhitaji kubahatisha kwa picha.

Bi_Gridi

Wanjala asante. Kwa Tanzania, ukibaki kwenye mashamba ya chuo au ya wanakijiji, barua ya chuo na ruhusa ya serikali ya kijiji na ya mwenye shamba ndizo za kwanza. Ukiingia msitu wa hifadhi ni TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Hifadhi za wanyamapori zina njia ya TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), ambayo kwa mradi wa mwaka wa tatu ni ndefu mno. Chagua shamba.

Nimeona bado hujaulizia data ni ya nani. Ukikamata kwenye gridi ya mwanafunzi wa uzamivu, data ni ya mradi wake. Kabla ya usiku wa kwanza, mkubaliane kwa barua pepe, hata mistari mitatu: wewe utatumia sehemu ipi kwa mradi maalumu (kwa mfano uwiano wa jinsia na hali ya uzazi, yeye abaki na uhai na mwendo), utaitumia lini, na jina lako litakuwa wapi makala ikitoka. Kubeba mitego peke yake kwa kawaida hukupa shukrani mwishoni mwa makala. Ukishiriki kupanga, kuchambua na kuandika, hapo unaongelea uandishi.

MwakaWaPili_Moro

Nimeelewa. Nimemuuliza fundi leo: kuna dada wa uzamili anaanza Julai, gridi mbili za 49, shamba la mahindi na kichaka. Nimwandikie yeye au msimamizi wake?

FundiMitego

Yeye, nakala kwa msimamizi. Muulize pia mitego mingapi kati ya hizo 98 ni mizima. Ukijitolea kuzikagua zote kabla ya Julai, kunyoosha milango na kubadilisha springi, utakuwa umeshaingia.